Milamula Kando ya Kanyinya

Muleba, 8 Machi 1953

Mdogo wangu Josia,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Sisi hapa tu wazima, ukiacha miguu ya Mama, ambayo asubuhi inakubali na jioni inakataa. Anakusalimu, na anauliza kama mkeo Joviana bado anapika ndizi au mmeshahamia kwenye wali kama wenzenu wa Miembeni. Dada yetu Klaudia alivuka juzi kutoka kwa mumewe ng'ambo ya mto, akaleta samaki wachache na malalamiko mengi. Migomba aliyoiacha Tata, baba yetu, karibu na mlango imezaa vizuri. Nami nipo, mjane asiye na mtoto, ninakaa katika kibanja chako, nyumba na migomba yake, na kukilinda kama mbwa asiyepewa mfupa.

Sasa jambo lenyewe. Jumanne nilishuka kwenye rweya, ile mbuga ya nyasi kando ya mto Kanyinya, kupalilia njugu mawe zangu. Nikakuta watu wana mnyororo wa kupimia, wanapigilia vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Kimoja wamekipigilia katikati ya tuta langu. Nikauliza kulikoni. Wakasema kampuni ya Mzungu mmoja huko Bukoba inataka kuchimba pale mto unapoingia ziwani, ijenge gati la mashua za starehe, na nyumba ya kunywea chai juu yake. Nikauliza, hizo mashua zinavua? Hapana. Zinabeba kahawa? Hapana. Zinabeba nini basi? Wakasema zinabeba Wazungu, wanakwenda ziwani na kurudi. Josia, mtu anakwenda na kurudi palepale alipotoka, na kwa ajili hiyo sisi tuondoke?

Mkungu Rwegasira, ambaye kwa kuwa mkubwa wa kijiji hudhani ni mkubwa wa akili pia, anasema tusipige kelele kwa sababu mahali penyewe ni patupu. Patupu! Nyasi tunazotandika sakafuni katika nyumba zote hizi zinakatwa wapi? Senene wanaangukia wapi? Kibanja ni cha wanaume, hilo nalijua. Nilifundishwa vizuri siku ile shemeji zangu waliponitoa kwa marehemu mume wangu na mkeka wangu kichwani. Kwenye rweya tu ndiko mwanamke analima bila kumpigia mtu magoti. Wakinichukulia pale, mdogo wangu, sina pengine.

Wewe uko mjini na unafanya kazi na watu wenye karatasi. Tuulizie.

Dada yako,
Kokwijuka


Miembeni, Bukoba, 29 Machi 1953

Mpendwa Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa Mama. Barua yako nimeipata salama kwa basi la Biharamulo. Sisi hatujambo. Mwanangu Mutembei ameingia darasa la tatu na mwalimu wake anamsifu. Joviana anasema ndizi anapika kila siku, Mama asiwe na wasiwasi. Nimetuma sukari kidogo na dawa ya kuchua miguu.

Kuhusu habari ya mto, nimeulizia kama ulivyoniagiza. Ni kweli mpango upo. Serikali na Mkama mtawala wetu wameiambia kampuni kwamba kama wenye mahali wakikubali, wao hawatazuia. Tatizo letu ni kwamba rweya haina mwenyewe anayejulikana. Mtu akitazama anaona nyasi tu.

Ushauri wangu ni huu. Kila nyumba ipande milamula, miti yetu ya mpaka, pale chini, kama tunavyopanda kati ya kibanja na kibanja. Wewe unajua, mlamula ukishasimama kati ya jirani na jirani hata wazee wa baraza hawaulizi neno, na anayeung'oa ana kesi nzito kuliko mwizi. Penye mlamula pana mwenyewe, na penye mwenyewe hapachukuliwi bila kuulizwa. Mvua hizi hizi zinafaa.

Nakuomba usitaje jina langu kwa watu.

Ndugu yako mtiifu,
Josia Lwakatare


Muleba, 17 Mei 1953

Mdogo wangu Josia,

Salamu. Mama amepaka dawa yako na sasa ananuka kama duka la Mhindi, lakini anatembea. Sukari imeisha, usiulize nani ameimaliza. Mvua ni nyingi, Kanyinya umejaa mpaka kwenye mafunjo, na Klaudia hajaweza kuvuka wiki ya tatu sasa. Tunapungiana mikono kama wafungwa.

Tumepanda! Nilimwambia Karugendo jirani, Karugendo akamwambia Lameki, na jina lako sikulitaja, ingawa kila mtu alijua kwamba akili ile haikutoka kwangu. Siku yenyewe ilikuwa kama harusi. Wanaume ambao tangu wazaliwe hawajakanyaga rweya isipokuwa kuswaga ng'ombe walishuka na fimbo za mlamula mabegani, wakipiga kelele. Karugendo na Lameki karibu wapigane kwa ajili ya kichuguu kimoja kisicho na faida hata kwa mchwa.

Mimi nilitaka kupanda mlamula wangu. Mkungu Rwegasira akacheka mpaka akakohoa. Akaniuliza, mwanamke na mlamula, umeona wapi? Basi nikaupanda kwa mikono yangu mwenyewe, kwa jina lako. Una sehemu kutoka kwenye jiwe kubwa mpaka majini, pale ukingo ulipo mgumu. Ni kile kishamba changu cha njugu, ila sasa ni chako. Sikufurahi sana, lakini nikasema afadhali kiwe cha mdogo wangu kuliko cha mashua.

Theopista, yule mjane wa kule mteremkoni, hana mwanamume wa kumpandia. Tuta lake limemezwa na sehemu ya Karugendo. Alisimama anaangalia tu. Nikamwambia ni kwa ajili ya Wazungu, mambo yakitulia atalima kama zamani. Akaokota jembe lake, akaenda zake.

Jambo moja. Msimamizi wa wale wapimaji alipita tena, akaniambia, "Msalimie Bwana Josia." Amekujuaje?

Dada yako,
Kokwijuka


Miembeni, Bukoba, 2 Agosti 1953

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mutembei aliugua surua, tukakesha naye, sasa amepona ila amekonda. Joviana naye alikuwa na homa. Kwaya yetu imealikwa kuimba kwenye sikukuu ya mavuno. Msalimu Mama sana.

Uliniuliza swali. Kampuni ya gati ni ya bwana wangu, huyu huyu ninayemwandikia barua zake kila siku. Sikukuambia kwa sababu mwezi wa tatu ilikuwa siri ya ofisi, na baadaye sikuona namna ya kuanza.

Usinihukumu kabla hujanisikia. Bwana alikuwa tayari kwenda kwa wakubwa na kusema mahali ni patupu, na hapo watu wetu wasingepata hata asante. Mimi nikasema kimoyomoyo, wakiwa na alama, angalau ataongea nao. Naye amefurahi. Amesema sasa ana watu wa kuzungumza nao, mmoja mmoja. Atakuja Septemba kumtembelea kila mwenye mlamula nyumbani kwake.

Tena kuna jambo ambalo nadhani litakufariji. Gati likijengwa, mimi nitakuwa msimamizi wake. Nitapewa nyumba ya mabati palepale, nami nitarudi kukaa karibu nanyi. Mama atalala mahali pasipovuja. Ila inaonekana ukingo mgumu uko kwenye sehemu yangu peke yake, na kwingine kote ni tope. Bila sehemu yangu mashua hazifiki nchi kavu. Kwa hiyo nakuomba, kuhusu sehemu hiyo, uniachie mimi.

Ndugu yako,
Josia Lwakatare


Muleba, 20 Septemba 1953

Josia,

Nilitaka nianze na jambo moja kwa moja, lakini Mama amenisimamia mlangoni na fimbo yake, anasema barua isiyo na salamu ni samansi. Basi hujambo? Mutembei hajambo? Joviana je? Tumemshukuru Mungu kwa mtoto, na hilo nalisema kwa moyo wote.

Bwana wako alikuja. Aliingia nyumba moja, akatoka, akaingia nyingine, na kila alikotoka mwenye nyumba alibaki amefunga mdomo kama aliyelishwa ugali wa moto. Lameki amekubali. Karugendo amekubali. Rwegasira alikubali kabla hajaulizwa. Tungekuwa wote pamoja tungesema hapana kwa sauti moja, hata yeye angesikia. Lakini ulitugawa kwanza, ndipo akaja kutuokota mmoja mmoja, kama mtu anayeokota kahawa iliyodondoka.

Sikiliza na hili. Theopista alishuka kupalilia njugu zake. Karugendo akamfuata na fimbo, akamwambia anakanyaga mahali pa watu. Alimpiga, Josia. Alimpiga mwanamke wa umri wa Mama yetu kwenye tuta alilolilima miaka yote ya ujane wake. Karugendo huyu mwezi wa nne alikuwa hajui hata njia ya kushukia mtoni.

Hatukati nyasi tena. Ukiinama, unaambiwa, hapo ni pangu. Sakafu yetu iko wazi. Tangu Tata aijenge nyumba hii hakuna aliyewahi kuuona udongo wake, na sasa Mama anakanyaga vumbi na kusema tunaishi kama waliofiwa. Mashua hata moja haijafika na sisi tumeshafukuzwa. Aliyetufukuza si Mzungu.

Nakuuliza neno moja. Je, umekubali? Nijibu ndiyo au hapana, na usiniambie habari za mabati.

Kokwijuka


Miembeni, Bukoba, 25 Novemba 1953

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Senene tumewapokea, wamekaangwa vizuri sana, na Joviana ameficha nusu asile mtu mwingine. Mutembei alikula mpaka tumbo likamuuma. Mvua huku ni kubwa, ziwa limechafuka, meli ya Mwanza ilichelewa sana wiki iliyopita. Sikukuu ilipita vizuri na kwaya yetu ilisifiwa. Nimemnunulia Mama kitenge cha Krismasi, cha rangi ya kahawia kama apendavyo.

Hapa kazini mambo ni mengi. Mwenzangu mmoja aliondolewa kwa kosa dogo tu, kujibu vibaya. Ada ya Mutembei mwakani itapanda. Nakueleza ili ujue hali.

Bwana atakuja huko tarehe kumi na moja Desemba. Kila mtu atasimama penye mlamula wake, Mkungu ataandika, na shauri litakwisha. Nami nitakuja naye.

Josia


Muleba, 14 Desemba 1953

Mdogo wangu Josia,

Salamu. Ulikuja ukaondoka bila kuonja hata maji ya nyumbani, na kitenge ukampa dereva amletee Mama. Ni kizuri. Hajakivaa.

Mbele ya watu hatukusemezana, kwa hiyo naandika, usije ukasimuliwa na wengine.

Sisi wanawake tulishuka siku moja kabla, jua likiwa limeshapanda, tunaonekana na kila mwenye macho. Alianza Theopista. Aliushika mlamula wa Karugendo, akautikisa, akatuangalia. Hakuna kati yetu aliyewahi kugusa mlamula wa mtu. Bibi zetu walisema mkono unaong'oa mlamula haufai kupika. Akauvuta, ukatoka na udongo wake, na yeye akaanza kulia. Basi tukaingia wote. Mke wa Karugendo aling'oa wa Lameki, na mke wa Lameki aling'oa mwingine wa Karugendo pale kichuguuni, ili kila mmoja akiulizwa na mumewe aseme, wako sikuugusa. Tuliifunga mizigo kama kuni, tukaitupa Kanyinya.

Nilipofika penye wako, sikuugusa. Niliupanda mimi, Josia, na ulikuwa umeshatoa majani. Tena nilijua ninalala katika nyumba yako, na mtu aliyeng'olewa mlamula ana haki ya kumfukuza aliyeung'oa. Nikasimama. Mama alikuwa amekuja akikokota miguu, ninajuta kwamba sikumzuia. Akaniambia, "Sogea." Akakaa chini penye nyasi, akauchimba kwa vidole kama anayechimba kiazi, akaung'oa. Akasema, "Mtoto wangu hajawahi kuwa na mahali huku. Mahali pake ni kwenye kibanja cha baba yake."

Ndiyo maana kesho yake ulimkuta amekaa palepale. Alikataa kuondoka.

Uliona yaliyotokea. Wenzako walizunguka kama kuku waliohamishwa banda. Karugendo anasema pangu ni hapa, Lameki anasema hapo ni pangu, na Bwana wako anaangalia saa. Kisha akakuuliza wewe. Ulikuwa umesimama na viatu vyako vya ofisi kwenye tope, unamtazama Mama na udongo mikononi mwake. Ukasema, "Siwezi kupatambua." Halafu ukapanda gari.

Sijui ulisema hivyo kwa sababu gani, na sikulala nikiwaza hilo. Rwegasira amesema mwezi ujao tutaitwa barazani. Waume wamekataa kushtaki wake zao. Karugendo ameonjeshwa siku mbili za kujipikia na ameona inatosha, na kumshtaki Theopista anaona aibu, maana watu wameanza kuulizana zile alama za fimbo zilitoka wapi. Anayengojwa ni wewe. Mkungu anasema ukishtaki, mahali pako patapimwa upya na mashua zitapita. Na kwa kuwa hakuna atakayemtaja Mama, nimeshasema ni mimi niliyeung'oa.

Ukitaka nihame, niambie mapema, nikaombe kwa Klaudia.

Dada yako,
Kokwijuka


Miembeni, Bukoba, 18 Januari 1954

Dada Kokwijuka, mwana wa Tata,

Shikamoo. Mwambie Mama shikamoo yangu nimemtolea nikiwa nimesimama, peke yangu chumbani, ingawa haoni.

Bwana aliniita. Alisema nimwandikie Mkungu mashtaka dhidi yako, mlamula wangu upandwe tena, au nitafute kazi kwingine. Alinipa siku za kufikiri. Nilifikiri sana, Dada. Nisikudanganye kwamba nilijua jibu mara moja. Niliifikiria ile nyumba ya mabati. Nilimfikiria Mutembei na shule yake. Niliandika mashtaka mpaka nusu, kwa mwandiko mzuri.

Nilipofika mahali pa kueleza ni nani aliyepanda na ni nani aliyeng'oa, nikakwama. Nilichomwandikia Mkungu mwishoni ni hiki, nawe kitunze, asije akakusomea vingine: "Mimi Josia Lwakatare sikupanda mlamula wowote kando ya Kanyinya. Uliokuwepo ulipandwa na dada yangu na kung'olewa na mama yangu. Kilichopandwa na mwanamke na kung'olewa na mwanamke, mimi mwanamume nishtaki nini? Pale huwa panalimwa njugu. Mimi nimekula njugu hizo tangu utotoni na sikuwahi kuuliza ni za nani."

Kazi imekwisha. Joviana analia, tena ana haki. Yeye na mtoto watabaki kwa dada yake mpaka nione nitafanya nini. Nitakuja peke yangu Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Usihame. Kibanja ni cha Tata, na wewe ni mwana wa Tata kabla yangu. Nilipaswa kukuambia hivyo miaka mingi iliyopita, siku ile ulipoingia na mkeka kichwani.

Kuna jambo baya la kumalizia. Bwana hajaacha. Ameagiza wapimaji waende ng'ambo ya pili, upande wa Klaudia. Na watu wa huko, kwa kuwa wamesikia kwamba nyinyi mlijikinga kwa milamula, wameanza kupanda.

Josia


Muleba, 29 Januari 1954

Mdogo wangu Josia,

Salamu, na pole. Barua yako nilimsomea Mama mara mbili. Mara ya kwanza alisema nirudie. Mara ya pili alikwenda ndani akatoka amevaa kitenge. Habari ya Joviana imetuumiza. Nitakwenda mwenyewe kumwomba radhi, maana mlamula ule niliupanda mimi na aliyeumia ni yeye.

Barazani tuliitwa na tukarudi. Rwegasira hakuwa na mshtaki, akabaki anapangusa miwani. Lakini Karugendo hamsalimii mtu, na mkewe analala kwa Theopista tangu wiki iliyopita. Milamula nayo ina roho ngumu. Vipande tulivyoviacha udongoni vimeanza kuchipua, na kila tukishuka kupalilia tunaving'oa tena. Nadhani tutaving'oa mpaka tuzeeke.

Klaudia alipiga kelele jana kutoka ng'ambo. Wamepanda mpaka kwenye kisima. Wanaume wa huko wanacheza ngoma, na mwanamke mmoja mjane amesimama anaangalia tu. Niliposikia hivyo, nikaona Theopista ameshaanza kufunga kanga kiunoni.

Kwa hiyo ukifika kesho hutatukuta. Tunavuka alfajiri, wote, na Mama amekataa kubaki. Wanamvusha kwa mtumbwi wa mume wa Klaudia, ambaye hajui tunachokwenda kufanya. Chakula kiko chunguni, jipakulie, jipashie, mtu mzima wewe. Mlango haujafungwa. Ndani tumekutandikia nyasi mpya za Kanyinya, kuanzia kizingitini mpaka kitandani kwako.

Vua viatu.

Dada yako,
Kokwijuka